Mission: Impossible ya 1996: nimeiangalia upya bila mtafsiri, na ubishi wa 1998 umeisha

#1 (mleta uzi)

Wakuu, uzi ni mrefu na natoboa siri zote za picha. Ambaye hajaiona aanze na picha, kisha arudi tuzungumze.

Mwaka 1998 nilikuwa darasa la sita, Tanga. Mtaani kwetu Ngamiani kulikuwa na kibanda cha video: mabenchi ya mbao, blanketi mlangoni la kuzuia mwanga, deki moja, na pembeni ya runinga mtafsiri na maikrofoni yake. Siku ya Tom Cruise tulijaa mpaka wengine wakakaa chini mchangani. Tulipotoka tulibishana njia nzima: msaliti ni nani? Nusu tuliapa ni Kittridge, yule bosi wa CIA mwenye sauti ya upole. Nusu wakasema ni mzee Phelps, kiongozi mwenyewe wa timu ya majasusi iliyouawa Prague. Hakuna aliyemshinda mwenzake.

Wiki iliyopita nimeiangalia tena. Usiku, watoto wamelala, hedifoni masikioni, mtafsiri hayupo. Ndipo nikaelewa kwa nini tuligawanyika. Sisi wa Kittridge tulikuwa tumesikiliza. Wale wa Phelps walikuwa wametazama.

Nieleze, maana kwangu hapa ndipo ilipo roho ya picha hii. Ethan, jasusi anayeigizwa na Tom Cruise, yuko stesheni ya Liverpool Street, London, katoka kupiga simu, mara Phelps anamtokea. Phelps ambaye sote tulimwona akipigwa risasi darajani Prague na kutumbukia mtoni. Wanakaa pamoja, na Phelps anasema msaliti ni Kittridge. Ethan anaitikia. Anaanza kupanga matukio ya usiku ule wa Prague moja baada ya jingine, na kila kosa analibandika kwa Kittridge. Lakini angalia kinachopita kwenye skrini wakati anazungumza: Phelps anajipaka damu ya bandia mikononi mbele ya kamera yake mwenyewe, Phelps anaharibu lifti, Krieger, aliyekuja kujiunga na Ethan baadaye, yuko getini na kisu. Mdomo wa Ethan unamdanganya Phelps, macho yake yanatuambia sisi ukweli, kwa wakati mmoja.

Sasa mpe mtafsiri eneo hilo. Yeye alitafsiri maneno, na alitafsiri kwa uaminifu kabisa. Maneno ndiyo yalikuwa uongo.

Kuna kitu kingine humohumo ambacho sikukiona utotoni. Ethan anapofikiria nani alilipua gari, kwanza tunamwona Claire, mke wa Phelps, akibonyeza kitufe. Halafu Ethan anaikataa picha ile, na tukio linarudi upya, safari hii anayebonyeza ni Phelps peke yake. Anampenda yule mwanamke, basi anabadilisha alichokiona. Hakuna anayelitamka hilo. Mwongozaji, Brian De Palma, amelieleza kwa kuonyesha tukio moja mara mbili, basi. Nilirudisha nyuma mara tatu kuhakikisha sijaota.

Na picha nzima imejengwa hivyo. Mwanzoni kabisa, Kiev, tunaona chumba cha hoteli na mwanamke aliyekufa kitandani. Kumbe kuta ni mbao za maigizo, mwanamke kachomwa dawa tu, na anayehoji amevaa sura ya mtu mwingine. Prague, Ethan anaona kifo cha bosi wake kwenye kiskrini cha mkononi, kupitia kamera iliyo kwenye miwani ya Phelps. Mwishoni ndani ya treni, Ethan anavaa miwani ya kamera ya aina ileile, anamtazama Phelps usoni, na Kittridge anamwona marehemu akiwa hai. Kamera iliyotudanganya mwanzo ndiyo inayokuja kutoa ushahidi mwisho. Leo, tunapotumiana video kwenye simu na kuulizana kama ni ya kweli au imetengenezwa, hilo halijazeeka hata kidogo.

Halafu Langley, makao makuu ya CIA, Ethan anakoenda kuiba orodha ya majasusi. Chumba cheupe, sakafu inahisi uzito, kuna kipimo cha joto, kuna kipimo cha sauti, na Ethan ananing'inia kwa kamba iliyoshikwa na Krieger ndani ya bomba la hewa. Hakuna muziki. Hakuna maneno. Mimi nilikulia naamini eneo lile lina kelele, kwa sababu mtafsiri wetu alijaza karibu kimya chote: "Sasa stelingi anashuka... panya huyo... mama yangu, jasho!" Simlaumu, kazi yake ilikuwa kutufanya tusichoke. Lakini nimeishi zaidi ya miaka 25 bila kujua kwamba eneo maarufu kuliko yote kwenye picha hii ni la kimya. Nikiwa na hedifoni nilijikuta nimebana pumzi. Kwenye chumba kile adui ni joto la mwili, uzito wa mwili, na tone moja la jasho linalotoka kwenye miwani. Kompyuta iliyo mezani imepitwa na wakati zamani sana. Jasho halipitwi na wakati.

Nawasilisha. Nyie mmeiona vipi mkiwa watu wazima?

#2

Mkuu, heshima kwako, ila chumba cha Langley usimpe De Palma peke yake. Kuna mzee anaitwa Jules Dassin. Mwaka 1955 alitengeneza Rififi huko Ufaransa, wizi wa duka la vito, karibu nusu saa hakuna neno wala muziki. Mwaka 1964 akatengeneza Topkapi: wezi wanaingia makumbusho ya Istanbul kupitia darini, mmoja anashushwa kwa kamba kwa sababu sakafu ikiguswa tu kengele inalia. Unaijua hadithi hiyo, sivyo?

Na teknolojia usiiruke haraka hivyo. Ethan anatafuta msaliti kwenye makundi ya Usenet, yale majukwaa ya mazungumzo ya intaneti ya zamani, halafu anatuma barua pepe kwenye anuani ambayo ndani yake kuna nafasi na nukta mbili. Barua ile haiendi popote. Mimi nafanya kazi za mitandao, nilishindwa kuendelea kwa dakika nzima.

#3 (mleta uzi)

Mkuu #2, Rififi nilikuwa naisikia tu, sasa nimeitafuta na kuiangalia. Nimenyamaza. Umeshinda upande huo. Ila nitamtetea De Palma kwa jambo moja. Kwa Dassin wezi wako peke yao usiku. Langley ni mchana, jengo limejaa watu, na mwenye chumba yuko palepale: Donloe, mtumishi wa kompyuta, Claire kamtilia kitu kwenye kahawa, anatoka mbio kwenda kutapika, anarudi, anatoka tena. Kila mlango unapofunguka Ethan yuko hewani juu ya kichwa chake. Kimya kile kina mgonjwa ndani yake, na mimi nilijikuta namwonea huruma Donloe kuliko stelingi.

Kuhusu barua pepe, ni kweli haziwezekani. Lakini ikumbukwe picha ilitoka Mei 1996. Google yenyewe ilianzishwa 1998, mwaka ule ule ambao sisi tulikuwa mchangani Ngamiani. Na kitu kinachotafutwa hakijachakaa: orodha yenye majina ya kificho ya majasusi upande mmoja na majina yao halisi upande mwingine, na kila nusu peke yake haina maana. Anayezipata zote mbili anawaua watu bila kushika bunduki. Wewe wa mitandao unajua hilo kuliko mimi.

Kwa kuwa tumefika kwenye barua pepe, niseme la lugha, maana lilituumiza sana kibandani. Kittridge anamwambia Ethan kuhusu "Job 314". Kwa Kiingereza neno la kazi na jina la Ayubu yanaandikwa sawasawa. Ethan naye mwanzo anadhani ni kazi namba fulani, mpaka anapoangalia Biblia na kung'amua kwamba ni Ayubu sura ya 3, mstari wa 14. Mtafsiri wetu alisema "kazi namba 314", akaendelea hivyo. Ghafla stelingi anafunua Biblia! Mtu mmoja nyuma yangu akasema ameokoka. Tukakubali kwamba ameokoka. Kwa Kiswahili ule mlango haufunguki kabisa, kwa sababu kazi ni kazi na Ayubu ni Ayubu. Na Biblia hiyohiyo ndiyo inayomuumbua Phelps, maana ndani ina muhuri wa hoteli ya Drake ya Chicago, na Phelps mwenyewe alishasema alilala huko. Sisi tuliona kitabu tu.

#4

Wakuu, naandika nikiwa Ubelgiji, njia ile ya treni chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa nimeipita mara nyingi, naomba niseme ukweli kuhusu mwisho wa picha.

Lile handaki lilifunguliwa 1994, kwa hiyo 1996 lilikuwa jambo jipya la kujivunia, ndiyo maana wakalitumia. Lakini liko tofauti kabisa. Ni mahandaki mawili ya reli, kila moja lina njia moja tu, na katikati kuna handaki dogo la huduma. Treni mbili haziwezi kupishana ndani ya tundu moja kama tulivyoonyeshwa. Juu kuna nyaya za umeme zinazoendesha treni. Mtu akisimama juu ya behewa asingefika dakika moja. Helikopta kuifuata treni handakini hata tusiizungumzie. Vilima mnavyoviona treni ikiwa nje ni vya Uskoti, si vya njia ya kwenda Paris. Tom Cruise mwenyewe alikuwa Pinewood, ndani ya studio, anapigwa na upepo wa mashine kubwa.

Pamoja na hayo, upepo ule ni wa kweli. Tazama mashavu yake yanavyotikisika. Miaka yote hii nimeona picha za treni zilizochorwa kwa kompyuta kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na uso wa mtu umetulia kama yuko sebuleni. Helikopta imechakaa, inaonekana imebandikwa. Uso haujachakaa.

#5

Mleta uzi, andiko zuri na nimelisoma lote, lakini mimi kama mwanamke kuna sehemu ilinichosha mno nilipoirudia.

Hesabu wanawake wa timu. Sarah, mwenye akili na utulivu kuliko wote, anachomwa kisu getini. Hannah anakufa na gari. Wote kabla hatujakaa vizuri. Anabaki Claire, na Claire hapewi chochote cha kwake: ni mke wa huyu, ni kishawishi cha yule, mwisho anapigwa risasi na mumewe na Ethan anampigia magoti kidogo, kisha treni inaendelea. Kristin Scott Thomas, aliyemwigiza Sarah, ni mwigizaji mkubwa, dakika alizopewa mle ni chache hadi inauma. Uliyesifia ile picha ya kitufe mara mbili, ni kweli ni ufundi. Lakini ni ufundi juu ya alichokihisi Ethan. Alichokihisi Claire hatujakijua mpaka leo.

Aliyenusurika ni Max. Vanessa Redgrave anaingia tu, ananunua siri za dunia huku anatabasamu kama bibi anayekaribisha wageni chai, na kila mwanamume aliye naye chumbani anaonekana mtoto. Ningependa kuona picha nzima yake.

#6 (mleta uzi)

Dada #5, sina utetezi. Nilipokuwa naandika nilijua kuna kitu nimekikwepa, na ni hicho. Nimerudi kwenye eneo la treni, Claire anapozungumza na mtu anayedhani ni mumewe kumbe ni Ethan amevaa sura ya Phelps. Pale ndipo pangekuwa pake. Anatoa maneno machache kuhusu pesa na kuhusu Ethan, halafu mumewe wa kweli anatokea na yeye anakuwa mtu wa kusimama katikati ya wanaume wawili wenye mabishano. Mwandishi angempa dakika mbili tu, msaliti wa pili wa picha hii angekuwa binadamu. Hili ndilo doa kubwa kuliko helikopta.

Kuhusu Max umesema kweli tupu. Anapofunuliwa usoni mara ya kwanza nilisahau kwamba kuna msako unaendelea.

#7

Vijana wangu, mimi ni mtu wa makamo, nimeshastaafu. Mfululizo wa zamani wa televisheni, ule wa 1966 hadi 1973, nimeupata kwenye DVD na nimeuangalia sana. Jim Phelps wa kule aliigizwa na Peter Graves, na alikuwa mtu wa kuaminika kabisa. Timu ndiyo ilikuwa stelingi. Kila mmoja ana fani yake, wanamaliza, wanaingia garini, wanaondoka.

Picha hii inachukua timu, inaiua yote ndani ya nusu saa ya kwanza, halafu inamchukua Phelps na kumfanya muuaji. Kisha kijana mmoja anabaki na sifa zote. Mimi naiona kama kuingia kwenye nyumba ya mtu, kuvunja, na kubaki na jina lililoandikwa mlangoni. Hilo kwangu halijapungua makali kwa kuwa miaka imepita.

#8 (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa, na najua wengi waliokua na ule mfululizo waliumia hivyo hivyo.

Niseme ninavyoiona, nawe unisahihishe. Phelps wa 1996 anaeleza sababu yake palepale stesheni, ingawa anamsingizia Kittridge: vita baridi vimeisha, siku moja unaamka na rais anaendesha nchi bila kukuomba ruhusa, wewe ni chombo kilichopitwa na wakati, ndoa mbovu na mshahara wa dola 62,000 kwa mwaka. Huyo ni yeye anajisema mwenyewe. Na hii inachezwa Prague, mji ambao miaka saba tu kabla ulikuwa upande wa pili wa ukuta. Ukuta wa Berlin umeanguka 1989, Sovieti imekufa 1991. Ule mfululizo ulihitaji adui aliyesimama mahali pake. 1996 adui kaondoka, wakabaki watu waliofundishwa kudanganya na hawana wa kumdanganya isipokuwa wao kwa wao. Kumtumia mtu mwingine mwenye jina jipya kusingeuma. Najua kwako kuuma huko ndiko tatizo, mzee, na siwezi kukuondolea.

Halafu kuna kitu nadhani wewe utakipenda: Ethan hafyatui risasi hata moja kwenye picha nzima. Anatumia sura, sauti, taa iliyopasuliwa na kumwagwa vipande kwenye korido ili asikie hatua za anayekuja, na ubani wa kutafuna unaolipuka kwenye tangi la samaki. Hiyo ni tabia ya kale ya kina Phelps. Picha zilizofuata, kuanzia ya John Woo ya mwaka 2000, ndizo zilizoiacha.

#9

Wakuu mmesahau jambo. Mleta uzi umesema ulimwonea huruma Donloe. Kittridge aliagiza apelekwe Alaska kwenye mnara wa rada kabla ya jioni, na sisi tukacheka tukasahau. Mwaka 2025, kwenye picha ya nane, wamemrudisha! Mwigizaji yuleyule, Rolf Saxon, nywele zimekuwa nyeupe, yuko kisiwani kwenye baridi, ameoa, ana maisha yake. Na kile kisu kilichodondoka na kuchoma meza yake, alikitunza. Mimi nililia ukumbini. Wenzangu hawakuelewa nalilia nini, walizaliwa baada ya 1996.

Swali kwa mleta uzi: mtafsiri wenu, lile tone la jasho, alisema nini? Wa kwetu Dodoma alikuwa anapiga kelele mpaka spika inakoroma.

#10 (mleta uzi)

Mkuu #9, nimekaa na swali lako tangu asubuhi. Nikampigia simu kaka yangu, yeye alikuwa kidato cha pili wakati ule na tulikaa benchi moja.

Kule juu nimeandika kwamba alijaza karibu kimya chote, na ile "mama yangu, jasho!" naikumbuka vizuri. Kaka anasema alisema hivyo tone lilipokuwa bado kwenye kioo cha miwani. Lilipoanza kudondoka, aliiweka maikrofoni juu ya deki. Anasema alisikia kishindo kidogo kwenye spika, ndiyo maana akageuka kumwangalia, akamkuta kaegemeza mikono yote miwili kwenye magoti, anatazama runinga kama sisi. Ethan akalidaka tone kwa glavu. Kibanda kizima hakuna aliyepumua, nje muuza karanga anapita anaita wateja, na bado mtafsiri hakuishika maikrofoni mpaka Donloe aliporudi mlangoni.